Mkono wa Meza ya Nane

Katika chumba cha kupigia pasi hakuna aliyeitwa kwa jina lake. Msimamizi, mwanamume mwembamba aliyependa kusimama mlangoni na kalamu sikioni, aliita meza. Kila meza ilikuwa na namba iliyopakwa rangi nyeupe ubavuni, na mwanamke aliyesimama nyuma yake ndiye aliyekuwa namba hiyo, tangu afunge aproni asubuhi hadi aivue jioni. "Meza ya tano!" angeita msimamizi, na sauti ingejibu, "Yupo!" Si lazima sauti hiyo iwe ya meza ya tano. Aliyekuwa karibu ndiye aliyejibu, maana mwenye meza pengine alikuwa chooni, au bado yuko njiani, au amebaki nyumbani kidogo na mjukuu mwenye homa. Hiyo ndiyo ilikuwa mila ya chumba kile, na haikubandikwa ukutani: leo nijibie, kesho nitakujibia. Msimamizi alijua, akajifanya hajui. Kwake yeye, ilimradi mashuka yanyooke.

Mwanamke wa meza ya nane alikuwa amejibia na kujibiwa kwa miaka mingi. Wenzake walimwita Kimya. Zamani jina hilo lingewachekesha, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno kama watu wengine, mwenye kicheko cha kupaliwa. Alilipata baada ya kufiwa na mumewe. Siku za matanga watu walimngoja alie, hakulia. Wakaambizana wasubiri, kilio nacho huchelewa kama mgeni atokaye mbali. Kikachelewa, kikachelewa, mwishowe ikaonekana hakiji. Mwaka huohuo siku zake za mwezi zilikoma bila kuaga, naye akaviweka vitu hivyo viwili pamoja moyoni, kama nguo mbili zilizokunjwa rafu moja: mume ameondoka, damu imeondoka, nyumba imetulia.

Haikuwa huzuni. Huzuni angeitambua, walikwisha kukutana. Hii ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa vibaya, ila mguu mwishowe huchomachoma ukazinduka, na hii haikuchoma. Aliamka, alioga, alikunywa chai, alikwenda kazini. Jumapili binti yake aliyeolewa mji mwingine alipiga simu.

"Uko vipi, mama?"

"Nipo tu."

"Nipo tu ndiyo vipi?"

"Nipo tu, mwanangu."

Na mwili nao ulikuwa na habari zake, lakini nani angezisikiliza? Akipanda ngazi za kwenda darini kwenye kamba za kuanikia, pumzi ilimwishia katikati. Mara nyingine jasho baridi lilimtoka akiwa ameketi. Mara nyingine taya la kushoto lilimvuta, kama mtu anayefunga kamba nyuma ya sikio. Wanawake wa chumba kile walikuwa na jibu moja kwa yote hayo. Ukisikia kizunguzungu, ni pasi. Ukilowa jasho, ni pasi, na kama si pasi, ni umri. Dawa yake ilikuwa kikombe cha maji na kusimama kidogo dirishani. Dirisha lenyewe lilikuwa moja, nalo lilikuwa la meza ya saba.

Meza ya saba alikuwa Chiriku. Mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, mwepesi, aliyeanza kuzungumza anapofunga aproni akamaliza anapoivua. Ilisemwa kwamba hata akilala mumewe humwitikia "ehe, ehe" kwa mazoea tu. Alikuwa rika moja na Kimya, tena waliingia kazini pamoja, na kama kulikuwa na mtu aliyesema maneno ya watu wawili ili mmoja wao apumzike, basi alikuwa huyo. Alimsemea Kimya kwa msimamizi, kwa dereva wa gari la nguo, kwa wanawake wapya. Kimya aliyaacha maneno yale yapite juu yake kama mvuke.

Sasa, siku waliyokuja watu wa hospitali ilikuwa siku ya makoti ya wapishi. Hoteli iliyowapa kazi ilitaka makoti meupe yasimame yenyewe, kwa hiyo yalitiwa kanji, ule uji mwembamba wa kukazia nguo, na koti lenye kanji halina subira. Ukilipiga pasi likiwa na unyevu linanyooka kama kadi. Ukiliacha likauke, linashika kunyanzi, na hapo hapana budi lirudi majini uanze upya. Watu wa hospitali waliweka meza yao ndogo kwenye ujia. Walitaka kupima wanawake waliovuka miaka hamsini: presha, sukari, mafuta kwenye damu, kiuno, na maswali mawili matatu juu ya moyo. Msimamizi akapewa kazi ya kuwaita, naye akawaita kama alivyozoea.

"Meza ya saba!"

Chiriku alikuwa ameshika kola ya koti, pasi inafuka. Hakuinua hata macho. "Mwenzangu, nenda wewe. Nikiliacha hili limekufa."

Kimya akaenda. Hakuna aliyeona ajabu, hata wao wenyewe. Walikwisha kubadilishana zamu, likizo, siku za kufagia. Mkono nao ni nini? Alipoketi, nesi kijana alimuuliza kama yeye ni meza ya saba, akasema ndiyo. Baada ya hapo, kwa kuwa ulimi hauwezi kukumbuka uongo mwingi kwa wakati mmoja, alijibu ya kwake. Hedhi ilikoma lini? Akasema. Analala vizuri? Analala. Wazazi wake wako hai? Baba alikufa uzeeni. Mama hakuwa mzee bado. Aliinama kufunga ndara akaketi chini, na hakuinuka tena. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Nesi alimtazama kidogo, kisha akamfunga ule ukanda wa kupimia presha, akaujaza upepo.

"Inabana sana, mama?"

Kimya aliutazama mkono wake. Aliona nyama imefura pande mbili za ukanda, aliona vidole vinabadilika rangi. "Sijui," alisema.

Nesi akapima mara ya pili, akamtoboa kidole, akasema majibu yatapitiwa na daktari kisha wataletewa. Kimya aliporudi, koti la Chiriku lilikuwa limesimama kama mwanajeshi, na msimamizi alikuwa anaita meza ya nane. Chiriku akafuta mikono kwenye aproni. "Haya, hii ni yangu," akasema, akaenda kutoa mkono wake mwembamba kwa namba ya mwenzake. Idadi ikatimia. Wote wakasahau, kama mtu anavyosahau alifungua mlango kwa mkono upi.

Majibu yaliletwa na nesi mwingine, mtu mzima, aliyewaita mmojammoja kwenye ofisi ya msimamizi. Kimya aliambiwa yuko vizuri kuliko wengi wa umri wake, aendelee hivyohivyo, apimwe tena mwakani. Akashukuru, akarudi kwenye mashuka. Wala hakujiuliza. Habari njema na habari mbaya kwake zilikuwa na uzito mmoja.

Chiriku alitoka ofisini rangi imemshuka. Alipita katikati ya meza bila kumtania mtu, akaketi kwenye kapu la nguo chafu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Ikabidi wamzunguke. Ndipo akaeleza: presha iko juu sana, mafuta kwenye damu yamezidi, na mishipa ya moyo wake pengine imeanza kuziba. Ameandikiwa kwenda hospitali wiki inayofuata, aanze vidonge, na asibebe vizito hadi daktari amwone.

"Tena yule nesi amechanganyikiwa," akasema, akijaribu kucheka. "Ananipa pole ya mama. Eti aliinama kufunga ndara akafa. Mama yangu! Aliyenigombeza jana kwa simu mpaka salio likamwishia! Nikamwambia, dada, mama yuko hai. Akasema basi hapo pengine wamekosea kuandika, lakini presha ni presha."

Wanawake wakacheka kidogo, kwa adabu. Kimya alikuwa anakunja shuka. Mikono ilisimama, ncha kwa ncha, kisha ikaendelea kukunja.

Alijua palepale. Hakuhitaji kufikiri. Ndara ile aliiona mbele yake, ya mpira, kamba yake imelegea. Aliyeitwa kwenda hospitali alikuwa yeye, na mwenzake aliketi juu ya kapu akiogopa ugonjwa usio wake. Sentensi moja ingetosha. Aliitafuta kinywani akaipata, imekamilika, imenyooka. Akaiacha hapohapo.

Haikuwa hofu iliyomzuia. Kama ni hofu, angeikaribisha. Ila alijua kwamba akisema, jambo lile litakuwa lake, na litataka kushughulikiwa. Itabidi aende, apange foleni, ameze, ajichunge, ajitake. Na kwa nini? Mama aliinama akaondoka. Mume alilala akaondoka. Naye aliona ni njia isiyo na kelele, njia ya watu wa kwao. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu mtu asiyejali kuumbuliwa.

Siku zile Chiriku aliugua kweli, kwa kadiri mtu mzima wa afya anavyoweza kuugua. Aliacha chumvi kabisa. Mumewe, fundi wa rangi aliyekuwa hajui hata sufuria zinakaa wapi, sasa alimnyang'anya ndoo mkononi na kumpepea kwa gazeti. Binti zake walikuja na nyuso za msiba. Kila mwiba wa mwili aliuhesabu: hapa panagonga, hapa panawaka, usiku moyo umemruka kama chura. Akaanza kugawa urithi. Mto wake wa kukalia alimletea Kimya mwenyewe, umefuliwa na kupigwa pasi.

"Chukua. Na nimemwambia msimamizi, nikiondoka, dirisha ni lako."

Kimya aliupokea mto. "Ahsante," alisema, na akaona aibu ikipita mbali, kama gari linalopita barabara ya pili, aliisikia, haikumfikia.

Lililomfikia lilikuwa jambo jingine. Chiriku alinyamaza. Kwanza alipunguza maneno, akisema yanampandisha presha, kisha akayaacha kabisa. Asubuhi alifunga aproni na kusimama dirishani mwake bila neno. Chumba kizima kikanyamaza pamoja naye. Zikabaki pasi zikipumua na maji yakidondoka kwenye mabomba, na msimamizi mwenyewe akawa anachungulia mlangoni kuona kama kuna mtu ndani. Kimya alisimama katikati ya utulivu ule akautambua. Chumba kilikuwa kimegeuka kifua chake. Kwa mara ya kwanza aliona kilivyo kwa mtu anayekitazama kutoka nje, na hakupenda kukaa humo.

Hata hivyo hakusema. Aliahirisha kesho, kisha keshokutwa.

Kesho yake ya kuahirisha ikawa siku ya mashuka mengi. Makapu mawili ya nguo mbichi yalitakiwa darini, la meza ya saba na la meza ya nane. Chiriku alizitazama ngazi akashika kifua. "Mimi siwezi, mwenzangu. Zitaniua."

"Niachie," Kimya akasema.

Akapandisha lake hadi juu, akashuka, akachukua la Chiriku. Nguo mbichi ni nzito kuliko mtu aliyelala. Kwenye kona ya ngazi taya likaanza kumvuta. Akasema moyoni, ni pasi. Lakini pasi ilikuwa chini, imezimwa. Mvuto ukashuka shingoni, ukatanda katikati ya mabega, na jasho likamtoka paji lote, baridi kama la chupa. Kichefuchefu kikampanda. Akaliweka kapu chini polepole, kwa heshima ya nguo safi, akaketi kwenye ngazi. Aliona viatu vyake. Kimoja kamba yake ilikuwa imefunguka.

Akakitazama. Hakuinama.

Chiriku alikuwa amebaki chini akisikiliza hatua, na hatua zilipokoma akaita. Hakujibiwa. Akaita tena, kisha akapanda ngazi mbio hadi konani, mbilimbili, huku akisema njia nzima. "Wewe! Kuna nini? Nilijua! Nilijua kapu lile zito, nikakuachia tu, ona sasa, hebu niangalie, mbona umelowa hivyo?" Akapiga magoti mbele yake, akamshika uso kwa mikono miwili.

Kimya alimtazama. Mwanamke huyu alikuwa amepanda ngazi mbio akizungumza, na pumzi yake haikukatika hata mahali pamoja.

"Ule mkono," akasema. Ilibidi apumzike. "Siku ya makoti. Walipoita saba. Ule mkono ulikuwa wangu."

Chiriku alibaki ameushika uso wake. Neno lilimwingia taratibu, koti, kola, kanji, haya hii ni yangu, na macho yake yakafunguka kidogokidogo hadi mwisho.

"Na mama wa ndara," akasema.

"Ni mama yangu."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile uliposema."

Kimya alingoja. Alidhani atapigwa kofi, na akaona ni haki.

"Wiki nzima," Chiriku akasema, "nimekula chakula kisicho na chumvi. Nimempa dada yangu vikombe vyangu vya wageni. Mume wangu amenipepea kwa gazeti mpaka nikapata mafua. Na wewe umekunja mashuka." Machozi yakaanza kumtiririka, na haikujulikana ni ya hasira, au ya nafuu, au ya jambo la tatu ambalo lilikuwa linamfikia wakati huohuo. "Kumbe ni wewe. Unakufa wewe, halafu unanibebea kapu."

"Niache nipumzike kidogo, itapita. Huwa inapita."

"Huwa!" Chiriku akasimama. "Sikiliza, mwenzangu. Nimekujibia miaka yote hii, hata siku ambazo hukustahili. Hili siwezi kukujibia. Hili utaitika mwenyewe." Kisha akageuka, na ile sauti iliyokuwa imefungiwa siku nyingi ikashuka ngazi ikimwita msimamizi kana kwamba jengo linaungua.

Msimamizi alipoelezwa alishika kichwa. Alitaka kuuliza ni nani aliyewaruhusu kubadilishana, akakumbuka ni nani aliyekuwa akiita meza badala ya watu, akakimbia kumwita dereva. Gari la kupelekea nguo lilikuwa uani limejaa. Wakamlaza Kimya nyuma, kati ya makoti ya wapishi yaliyoning'inia, na Chiriku akaketi kando yake akizungumza. Kimya hakuyafuata maneno yote. Aliyasikia tu yakienda, kama mtu anayesikia mvua akajua bati bado lipo juu yake.

Hospitalini walimpa kidonge cha kutafuna na kingine cha kuweka chini ya ulimi, wakambandika nyaya kifuani, mashine ikachora mapigo yake kwenye karatasi ndefu, wakachukua damu na kusubiri, wakachukua tena. Daktari, mwanamke aliyevaa miwani, aliyapitia yote, kisha akavuta kiti. Alisema inaonekana mshipa mmoja umebana lakini haujaziba, na moyo wenyewe bado haujaumia. Atalala hapo wakimwangalia. Atakunywa vidonge kila siku, ngazi na makapu aviache hadi aambiwe, na baadaye atatembea, taratibu, kila siku. Halafu akauliza kwa nini hakuja mapema.

"Nilidhani ni pasi," Kimya akasema.

Daktari hakucheka. Alimweleza kwamba mwanamke akiwa bado na hedhi, mwili wake huilinda mishipa kwa namna fulani. Hedhi ikikoma, ulinzi huo hupungua, presha hupanda bila kubisha hodi, mafuta nayo hujikusanya. Tena moyo wa mwanamke si lazima ulie kama wa mwanamume anayeshika kifua na kuanguka. Huuma taya, mgongo, huleta uchovu na kichefuchefu, na mwenyewe anasema ni umri, anakunywa maji, anarudi kazini. Na kama mama yake aliondoka hivyo, basi yeye ndiye hasa wa kupimwa. "Wewe, na binti yako naye aanze kupimwa presha," akamaliza. "Una binti?"

"Ninaye." Akafikiri juu ya simu ya Jumapili. Ndara ile, hakuwahi kumsimulia mwanawe.

Jioni yule nesi mtu mzima akaja na mashine ya presha. Alisema ameletewa kesi ya meza mbili zilizopishana, na katika miaka yake yote ya kazi ameona watu wakikopeshana viatu, miwani, hata meno, ila mkono, hajaona. Chiriku, aliyekuwa ameketi upande wa pili akila karanga zenye chumvi, akasema basi sasa ameona. Nesi akaufungua ukanda.

"Tuanze upya. Mkono huu ni wa nani?"

Chiriku alivuta pumzi kujibu, kwa mazoea. Kisha akajiziba mdomo na kiganja chenye maganda ya karanga.

"Wangu," Kimya akasema.

Upepo ukaingia. Ukanda ukakaza, ukakaza tena, na ndani yake kitu kikaanza kugonga, kizito, kikibisha kwa nguvu dhidi ya ngozi. Alidhani ni mashine. Akasikiliza. Haikuwa mashine.

"Inabana," akasema.

"Nilegeze, mama?"

"Hapana. Acha kwanza."